Mshipi Umekaa Kimya: Kutafuta Kasoro Katika Uvuvi wa Mshipi, Mtwara na Lindi, Kusi Inapolegea

Kuanzia Septemba, kusi, upepo wa kusini, inapolegea na matlai, upepo mwanana wa mashariki, kushika zamu, ngalawa na mitumbwi ya Msimbati, Msangamkuu, Mikindani na Lindi hurudi kwenye miamba ya nje ambayo Juni na Julai ilikuwa haikaribiki. Bahari hulala asubuhi, upepo wa kutoka baharini haupandi sana mpaka jua likolee, na kwa kuwa ni kiangazi mito ya Lukuledi na Ruvuma imepungua, haileti tope jingi. Kwa mvuvi wa mshipi huu ni wakati mzuri. Ndio pia wakati wa malalamiko, maana maji safi huanika kila kosa: nailoni nene, chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, inayoning'inia katikati ya maji.

Anayekosa samaki karibu kila mara hukimbilia kubadili chambo. Anaanza na ngisi, anahamia dagaa, anamalizia na kamba wa bei, na tatizo liko palepale. Chambo kichunguzwe mwisho. Anza na chubwi, kisha maji, kisha mshipi, kisha ndoana. Ngisi mbichi wa leo alfajiri hana faida yoyote akiwa mita sita juu ya samaki.

Tunachukua kwamba una zana za kawaida za mshipi wa mkono: nailoni ya milimita 0.80 hadi 0.90, mita 80 hivi, imezungushwa kwenye kibao. Chubwi imefungwa mwisho kabisa. Juu yake vishipi viwili (mishipi mifupi ya kubeba ndoana) vya milimita 0.50, kila kimoja sentimita 25 hadi 30, vimeachana kiasi cha kutofikiana. Ndoana za namba 6 hadi 2 kwa changu wa kawaida, na 2/0 hadi 5/0 kwa chewa na kolekole. Asiyezoea namba hizi akumbuke kwamba ndoana ikikua namba hushuka hadi 1, halafu zikifika 1/0 huanza kupanda tena. Viwanda navyo havilingani, kwa hiyo dukani angalia ndoana yenyewe, usitazame namba ya pakiti peke yake.

Hakuna anayegusa chambo

Swali la kwanza: chubwi iko chini? Wengi watajibu ndiyo kwa sababu mshipi uliacha kwenda. Lakini mshipi huacha kwenda kwa sababu mbili, ama chubwi imetua, ama mkondo umeushika mshipi tumboni na kuupinda kama upinde, chubwi ikabaki inaelea. Kupima ni rahisi. Nyanyua mkono nusu pima (kama sentimita 90), shusha taratibu. Chubwi iliyotua hugonga, na mgongano huo unausikia kidoleni. Usipousikia mara tatu mfululizo, hujafika, hata kama umeachia mita 40.

Ili ujue umeachia kiasi gani, funga uzi wa rangi kwenye mshipi kila baada ya pima tano. Pima moja, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ni karibu mita 1.8, hivyo pima tano ni mita tisa. Mwamba wenye kina cha pima kumi ukikumeza pima kumi na tano, mshipi umelala. Hapo usitafute samaki, tafuta uzito.

Chubwi ya kiasi gani? Maji mafu (siku za mkondo mdogo), kina cha mita 15 hadi 20, gramu 80 hadi 100 zinatosha. Bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu), mahali hapohapo, utahitaji 250 hadi 400, na katikati ya kasi hata hizo huenda zisifike. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayousukuma mshipi huongezeka mara nne. Ndiyo maana kuongeza gramu 20 hakubadilishi kitu. Ongeza mara mbili, au punguza unene wa mshipi. Nailoni ya milimita 1.2 hushikwa na maji mara mbili ya ile ya 0.60, na wengine hutumia nene kwa sababu tu haikati mikono. Dawa ya mikono ni vidole vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Unene wa mshipi uachie samaki unaowategemea.

Angalia pia chubwi yako imetengenezwa na nini. Jiwe la kawaida la gramu 300 likizama hubaki na uzito wa gramu 180 hivi, kwa sababu maji yanalibeba. Chuma cha gramu 300 hubaki na 260, risasi 270. Jiwe halina gharama na likikwama hulilii, lakini likibebwa na mkondo usishangae. Vipande vya nondo ni suluhisho la wengi: nondo ya milimita 12 ina gramu 9 hivi kwa kila sentimita, ya milimita 16 ina gramu 16. Kipande cha sentimita 12 cha nondo ya 16 kinakupa gramu 190. Piga tupa ncha zake, maana ukingo wa nondo iliyokatwa kwa msumeno hukwaruza nailoni. Anayeyeyusha risasi mwenyewe afanye nje kwenye upepo, mbali na watoto na vyombo vya kupikia, na kalibu iwe kavu kabisa. Tone moja la maji ndani yake hurusha risasi ya moto usoni.

Sasa maji yenyewe. Pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maji mafu mambo hugeuka: kujaa ni karibu na saa nne, kupwa karibu na saa kumi. Bamvua yenyewe huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, lakini maji hayapandi sawasawa. Gawa kimo chote katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Bamvua ya mita 3.6 ina maana ya sentimita 30 saa ya kwanza na sentimita 90 saa ya tatu. Kwa hiyo saa ya tatu na ya nne ndizo za mkondo mkali, na kwenye milango myembamba, kama unapoingia Ghuba ya Mtwara upande wa Msangamkuu au kwenye mdomo wa ghuba ya Mikindani, maji hukimbia zaidi ya nje.

Mshipi wa kushusha chini unafanya kazi vizuri saa moja kabla maji hayajasimama hadi saa moja na nusu baada ya kugeuka. Maji yakisimama kabisa samaki wengi wa mwamba hutulia, na yakianza tu kusogea hutoka kutafuta. Kwenye saa mbili za kati, kama huna uzito wa kutosha, ni afadhali uhamie upande wa mwamba uliokingwa na mkondo, au ukurambaze (uvute mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda), kuliko kukaa unasukumwa. Mtu anayetoka saa kumi na mbili asubuhi siku ya bamvua anaanza kuvua maji yakiwa kwenye kasi ya kupwa, halafu saa nne yanapokaribia kugeuka na samaki kuanza kula, yeye anakunja mshipi arudi kabla ya upepo. Lawama anamwachia ngisi.

Kama chubwi imegonga, saa ni nzuri, na bado kimya, tazama vishipi. Katika maji haya safi punguza hadi milimita 0.40 na urefushe hadi sentimita 50 au 60, chambo kielee mbali na chubwi. Tasi na changu wakubwa huiona nailoni ya 0.80 mchana. Ukipunguza unene unapoteza nguvu, hilo halikwepeki, ila samaki asiyegusa chambo hakupi chochote.

Jana walikula hapa, leo hapohapo hakuna

Mambo mawili. La kwanza, saa imesogea. Kujaa na kupwa huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa mbili asubuhi ya leo si saa mbili ya juzi. Ni tofauti ya saa moja na dakika 40, inayotosha kukutoa kwenye maji yaliyosimama na kukutupa kwenye kasi.

La pili, hupo hapohapo. Alama mbili za nchi kavu zilizo mstari mmoja, tuseme mnara na mnazi ulioinama, hukupa mstari tu. Ili upate nukta unahitaji jozi mbili, moja upande wa mbele na nyingine ubavuni. Ukingo wa mwamba unaweza kushuka kutoka mita 12 hadi 30 ndani ya urefu wa ngalawa tatu, na changu wako ukingoni, si juu ya mchanga ulio mita 20 pembeni. Chubwi itakuambia: kwenye mwamba hugonga kavu, kwenye mchanga hutua kwa ulaini, kwenye tope hunata kidogo unapoivuta. Paka mafuta mazito au sabuni ya kipande chini ya chubwi, ipandishe, utaona mchanga umeshika au haukushika.

Nanga nayo husogea bila kelele. Amari, yaani kamba ya nanga, iwe angalau mara tatu ya kina, mara tano upepo ukiwapo, na mita mbili tatu za mnyororo mbele yake zinasaidia kuliko kuongeza uzito wa nanga. Adhuhuri, matlai inapovuma kinyume cha mkondo, chombo huzunguka juu ya amari na mishipi ya watu wawili hujikuta mmoja. Hapo mmoja avute, au wote wavulie upande ule ambao mkondo unaondoka chomboni.

Ndoana inarudi tupu

Umesikia kudonoa, umevuta, umepandisha ndoana inayong'aa. Uliza kwanza walidonoa vipi. Kudonoa kwa haraka na kwepesi, tik-tik-tik bila kuacha, ni samaki wadogo. Hata ukivuta kwa ustadi gani, mdomo wao hauingizi ndoana ya namba 2. Ama ushuke hadi namba 8 au 10 uwavue hao wadogo wakawe chambo, ama uhame mita 30. Kudonoa mara mbili za nguvu kisha kimya ni samaki aliyetosha, ambaye chambo kimemzidi au kinaning'inia.

Ngisi akatwe ukanda wa upana wa sentimita moja na nusu na urefu wa sita hadi saba, uchomwe mara moja tu karibu na ncha, mara mbili kama ni mlaini. Mkia ukining'inia zaidi ya sentimita nne nje ya ndoana, changu huukata hapo na kwenda zake. Ncha ya ndoana iwe nje kidogo. Wapo wanaoificha kabisa wakidhani samaki ataiona. Ndoana iliyozikwa kwenye pweza mgumu haichomi chochote isipokuwa pweza. Pweza, kwa kweli, ndiye chambo cha kutegemea pwani hii panapokuwa na wezi wengi: haliwi haraka, havunjiki, na vipande vyake hubaki kwenye ndoana baada ya samaki wawili watatu. Mpigepige kwanza alainike, mkate vipande vya urefu wa kidole. Dagaa aliyeyeyuka barafu anamaliza dakika mbili tu chini kabla hajamenyeka; mfunge kwa uzi mwembamba, mizunguko sita, bila fundo.

Kikande anastahili kutajwa peke yake. Ana mdomo mdogo na meno ya kutafuna kombe, anakula chambo huku amesimama, na mshipi hautikisiki hata kidogo. Dalili yake ni chambo kuisha bila wewe kusikia kitu, na mara nyingine ndoana ndogo kurudi imekunjwa au kishipi kimetafunwa. Tumia ndoana ndogo, namba 6, yenye chuma kinene na shingo ndefu, kwa pweza mdogo sana. Au inua chubwi pima moja na nusu kutoka chini: kikande hupanda, lakini changu wakubwa hupanda pia.

Sababu ya mwisho ni kuvuta kwako. Nailoni hunyumbuka. Kwenye kina cha mita 40, mvuto mfupi wa kiganja huliwa wote na mnyumbuko, na ndoana kule chini haijui kama umevuta. Vuta kwa mkono mzima kutoka maji hadi juu ya bega, mara moja, uendelee kukunja bila kupumzika. Ikiwa ndoana yako ni ile ya mviringo, ambayo ncha yake imegeukia ndani, sheria ni kinyume kabisa: usishtue. Acha samaki ageuke na uzito wake, kisha kaza taratibu. Itajizungusha na kushika pembe ya mdomo. Mwenye mazoea ya ndoana ya kawaida huidharau hii siku ya kwanza kwa sababu anaishtua na kuitoa mdomoni mwa kila samaki.

Alinasa, akaponyoka njiani

Itazame ndoana kabla ya kufanya jambo lingine. Imefunguka? Basi ni nyembamba kwa mshipi unaotumia, au ulimvuta kwa nguvu zote akiwa bado mbichi. Iko sawa? Jaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba, uielekeze kwa ulalo. Ikiteleza, ni butu. Ikishika, ni kali. Ndoana moja ikigonga mwamba mara tatu huwa butu, na hakuna anayeikagua. Tupa ndogo, mapigo matatu manne kutoka shingoni kuelekea nchani, pande mbili na mgongo, yanairudisha. Usisage sana ikawa sindano, itakunjika kwenye mfupa.

Kama ndoana ni kali na haijafunguka, mshipi ulilegea. Kukunja mkono kwa mkono kuna nukta ambayo mkono mmoja umeachia na mwingine haujashika; mawimbi yakishusha chombo nukta hiyohiyo, ndoana inaanguka. Chombo kikishuka ongeza mwendo, kikipanda pumzika bila kuachia. Na samaki akifika juu usimwinue kwa kishipi cha 0.40 ukimtoa majini; uzito wake hewani ni mwingine kabisa. Tumia kulabu au wavu wa mkono kwa chochote cha zaidi ya kilo mbili.

Mshipi umekatika: soma ncha iliyobaki

Usiitupe ncha. Inasema yote.

Ikiwa imekatwa safi, kana kwamba kwa wembe, ni meno. Nguru na mzia wanakata hivyo, na mara nyingi hukata juu ya ndoana sentimita kumi hadi ishirini. Weka waya wa sentimita 30 hadi 45 kati ya ndoana na nailoni. Waya unaosukwa hukunjika bila kuvunjika. Ule wa uzi mmoja ni mwembamba na hauonekani sana, ila ukipinda mara moja kona kali, utupe. Waya hupunguza changu wanaogusa, kwa hiyo uuweke kwenye mshipi wa kurambaza au ule wa juu, usiuweke kwenye yote.

Ikiwa ncha ina manyoya na ukungu wa sentimita kadhaa, ni mwamba. Samaki, karibu kila mara chewa, ameingia pangoni na mshipi ukasuguliwa. Chewa lazima ashindwe ndani ya pima mbili za kwanza. Ukisikia uzito wake, vuta bila adabu mpaka awe ametoka chini, ndipo umpe nafasi. Akishaingia, legeza kabisa mshipi kwa dakika tatu hadi tano. Mara nyingine hutoka mwenyewe akidhani mambo yamekwisha.

Ikiwa ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe, hakikukatika kitu. Fundo limeteleza. Kwa nailoni ya 0.40 na 0.50 zungusha mara tano au sita kabla ya kupitisha mwisho; kwa 0.80 na kuendelea mara tatu au nne zinatosha, zaidi ya hapo haikazi vizuri. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni kavu ikikazwa hupata joto la msuguano na kupoteza nguvu hapohapo, na fundo lenyewe litaonekana zuri. Acha mkia wa milimita tatu hadi nne. Nailoni mpya hujivuta kidogo samaki wa kwanza anapokaza.

Ikiwa imevutika ikawa nyembamba kuelekea mwisho, nguvu imezidi. Hapo ama ulikuwa umekwama ukavuta, ama nailoni imezeeka. Iliyozeeka hupauka, hukakamaa, na ukiipitisha kati ya vidole unahisi unga. Jua ndilo linaloiua, zaidi ya chumvi. Kibao kinacholala siku nzima juu ya ngalawa iliyopandishwa mchangani kitakuwa na mizunguko ya juu iliyokufa na ya chini mizima. Geuza mshipi mwisho kwa mwisho kila miezi michache, na kila unaporudi kata mita mbili za mwisho, zile zinazogusa mwamba. Kwa makovu usiyoyaona, pitisha mshipi ndani ya pamba kidogo uliyoibana vidoleni. Pamba itaacha nyuzi mahali penye jeraha.

Mishipi iliyokatika juu kabisa, karibu na kibao, huwa na sababu moja tu: mtu alifunga mshipi kwenye mbao za chombo ili apumzike. Na kamwe usiuzungushe mkononi. Kolekole wa kilo nane akigeuka, nailoni ya 0.90 haikatiki kabla ya nyama.

Inakwama kila ukishusha

Funga chubwi kwa uzi dhaifu kuliko kila kitu kingine. Nailoni ya milimita 0.30, sentimita 15, kati ya mwisho wa mshipi na chubwi. Kilichokwama mara nyingi ni chubwi, na ukivuta itakatika peke yake, ndoana na vishipi virudi. Ndio maana chubwi iwe ya bei ya kupoteza. Kama ni ndoana iliyokwama, usivute kutoka ulipo. Legeza amari, chombo kirudi nyuma kwa mkondo, uvute kutoka upande wa pili. Na baada ya kutua, usiiache chubwi ikiburuzwa: inua robo pima ukae hapo.

Mshipi unajisokota

Kwa mshipi wa kushusha, chambo kinazunguka wakati wa kupanda. Ukanda wa ngisi uliochomwa katikati huzunguka kama pangaboi. Uchome kwenye ncha. Kwa kurambaza, samaki mzima wa chambo aliyefungwa kinywa kikiwa wazi au mwili ukiwa umepinda atazunguka hata mwendo wa polepole. Mtazame pembeni mwa chombo kabla ya kumwachia nyuma. Kipete cha chuma kinachozunguka husaidia, mradi hakijaota kutu. Kilichoshikamana ni pambo. Mshipi uliokwisha kusokoteka, toa kila kitu mwishoni, uachie mtupu nyuma ya chombo kinachokwenda, mita 60, dakika tano. Utajifungua.

Maji machafu kwenye vijito

Ndani ya kijito cha Lindi kuelekea Lukuledi, na kwenye mikoko ya maingilio ya Ruvuma, maji yakipwa hutoka na tope la mikoko. Vua kwenye mpaka wa maji ya rangi mbili, upande wa machafu kwa chambo chenye harufu, upande wa safi kwa samaki anayetumia macho. Yakijaa, ingia nayo. Hongwe atakupata humo: miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ina sumu. Akikuchoma tumbukiza kiungo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua kwa nusu saa au zaidi, na kama mwiba umevunjika ndani nenda zahanati. Bunju usimlete nyumbani kabisa, kupika hakuondoi sumu yake. Upande wa Ruvuma na Msimbati kuna Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ndani yake zipo sehemu zisizovuliwa. Ulizia mipaka kwa watu wa hifadhi kabla ya kushusha nanga, si baada.

Samaki wanafika mnadani wamelegea

Hili halihusu mshipi, lakini bei inayeyuka hapa. Kwa joto la pwani, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu iliyopondwa ndani ya deli, tabaka kwa tabaka, na tundu la kutolea maji chini. Mabonge hayafai, hayagusi samaki. Nguru, jodari na vibua ndio wa kuharakishwa: wakikaa juani hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na moto wa jikoni hauiondoi. Kata mshipa wa shingoni papo hapo, atoke damu dakika mbili, kisha barafuni. Kama deli halitoshi, gunia la katani lililoloweshwa kivulini, mahali penye upepo, hukununulia saa moja au mbili tu, kwa hiyo siku hiyo geuza mapema.

Ukifika, osha mshipi na ndoana kwa maji baridi ya kisima, uzianike kivulini. Ndoana zenye chumvi usizirudishe kwenye kopo la ndoana mpya. Ukifunga usiku, asubuhi utakuta kopo zima lina kutu.